Mjomba, Lori Lilielekea Wapi?

Msomaji mpendwa, hebu nianze kwa swali. Ulipokuwa mtoto, je, mama yako aliwahi kukuita shifta? Mimi niliitwa hivyo mara nyingi. Nilipoingia nyumbani jioni magoti yamejaa vumbi na sare ya shule imechanika, mama alishika kiuno mlangoni na kusema, "Mtazameni huyu shifta!" Katika mtaa wetu wa Eastlands, jijini Nairobi, tulikuwa hata na mchezo wa jina hilo. Nusu yetu tulikuwa polisi, nusu mashifta. Hakuna aliyetaka kuwa shifta, maana mwisho wa mchezo ulijulikana mapema: shifta alilazwa kifudifudi, mikono kisogoni, akangoja hapo mpaka mama wa mmoja wetu atuite tukale.

Shifta hasa alikuwa nani, hatukujua. Tulichojua ni kwamba anatoka mbali, upande wa kaskazini, na kwamba ni mtu mbaya. Vitabu vya shule nilivyosoma havikunisaidia. Nakumbuka aya moja fupi juu ya vita vya mashifta, na swali moja la mtihani. Basi.

Mnamo 2011 nilijiunga na chuo cha uanahabari, na bahati ikanipa mwenzangu wa chumbani aliyetoka Wajir. Alikuwa msichana mpole, mwenye kicheko cha chini chini, na chai yake ya iliki iliwavuta wanafunzi wa ghorofa nzima. Jioni moja nilikuta kopo langu la sukari li tupu. Nikamtania, "Wewe shifta, sukari yangu umeipeleka wapi?"

Hakucheka. Aliweka kikombe chini akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Dada, niite jina lolote, lakini hilo usiniite. Baba yangu nusura auawe kwa jina hilo."

Usiku huo ndipo nilipoisikia habari ya Wagalla kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka zaidi ya 20, Mkenya mwenye kitambulisho, tena ninayesomea kazi ya kuwapasha wenzangu habari.

Labda nawe, msomaji, unaisikia leo. Wagalla ni kiwanja cha ndege kilichoko nyikani, yapata kilomita 15 kutoka mji wa Wajir. Ijumaa ya Februari 10, 1984, wanajeshi na polisi walianza msako mjini na katika vijiji vya karibu. Waliwatafuta wanaume wa ukoo mmoja wa Wasomali, yaani Wadegodia. Serikali ilisema nia yake ni kuwapokonya silaha, kwani ukoo huo na ule wa Waajuran walikuwa wakipigana na damu ilikuwa imemwagika. Hakuna atakayelaumu serikali kwa kutaka kukusanya bunduki. Lakini hakuulizwa mtu mmoja mmoja kama anayo bunduki au hana. Kilichoulizwa ni ukoo. Mwalimu, mchungaji wa ngamia, mwenye duka, hata mtumishi wa serikali, wote walipakiwa kwenye malori wakapelekwa Wagalla.

Huko kiwanjani walivuliwa nguo wakalazwa kifudifudi juu ya ardhi ya moto. Jua la Februari la Wajir si hili letu la Nairobi. Hawakupewa chakula wala maji. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikapita. Baadhi walipigwa risasi, baadhi walichomwa, na baadhi walikufa kwa kiu tu. Kule vijijini nyumba ziliteketezwa na wanawake wakanajisiwa. Maiti zilipakiwa kwenye malori zikaenda kutupwa porini.

Baba wa mwenzangu alikuwa kijana wakati huo. Walichukuliwa wawili nyumbani, yeye na kaka yake mkubwa. Siku ambayo watu waliona ni heri kupigwa risasi wakikimbia kuliko kufa kiu wakiwa wamelala, alitimua mbio pamoja nao, akaponea chupuchupu. Kaka yake hakurudi, na maiti yake haijaonekana mpaka leo.

"Baba hatusimulii," mwenzangu aliniambia. "Haya tuliyajua kwa nyanya. Lakini kila usiku huweka dumu la maji kando ya kitanda. Hata akija kwetu Nairobi, jambo la kwanza huulizia dumu."

Sasa wacha nikueleze kwa ufupi jambo hili lilikotoka, maana halikuanza mwaka 1984. Wakati wa ukoloni, Waingereza waliifunga sehemu yote ya kaskazini wakaiita Wilaya ya Mipaka ya Kaskazini, NFD. Ilihitajika ruhusa maalum kuingia au kutoka. Somalia ilipopata uhuru mnamo 1960, bendera yake ilikuwa na nyota ya pembe tano, na pembe moja ilisimamia eneo hilo letu. Mnamo 1962 tume iliyotumwa kusikiza maoni ya wenyeji ilikuta wengi wao wanataka kujiunga na Somalia. Uingereza haikufuata maoni hayo. Kenya ikapata uhuru Desemba 1963 mpaka ukiwa pale pale, na kabla mwezi huo haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa huko.

Vita vilivyofuata vilidumu mpaka 1967, Kenya na Somalia zilipopatana mjini Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Huko kaskazini nyasi zilikuwa wafugaji. Walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, mifugo yao ikachukuliwa au ikauawa, na mfugaji asiye na ngamia ni kama mkulima aliyenyang'anywa shamba. Mnamo 1970 Bunge likapitisha sheria iliyowakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendeka wakati wa vita hivyo.

Viongozi walikuwa wameshapeana mikono Arusha, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki kaskazini mpaka 1991. Fikiria hilo, msomaji. Kwa karibu miaka 28 afisa wa usalama alikuwa na uwezo huko ambao asingethubutu kuutumia Nyeri au Kisumu. Ndiyo sababu mnamo 1980, maafisa wa serikali walipouawa na jambazi mjini Garissa, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto na wakazi wakazuiliwa katika uwanja wa shule. Ndiyo sababu Wagalla iliwezekana. Na mnamo 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali waliamriwa wajitokeze kuchunguzwa uraia wao, wakapewa kadi ya rangi ya waridi ambayo mimi na wewe hatukuhitajika kubeba. Ugomvi wa mpaka ulikuwa umegeuka ugomvi na sura ya mtu.

Kuhusu idadi ya waliokufa Wagalla, serikali ilisema mwanzoni kwamba ni 57. Mbunge Ahmed Khalif alipaza sauti Bungeni mwaka ule ule wa 1984, na wenzake wachache wakasikia. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, alikwenda porini kuwaokota waliokuwa bado na pumzi na kuwazika waliokata roho. Kwa juhudi zake na za wenzake, habari na picha ziliufikia ulimwengu. Baadaye alilazimika kuondoka Kenya. Mnamo 2003 aliuawa mjini Borama, Somaliland, akiwa bado anahudumia wagonjwa. Mwaka 2000 serikali ilikubali kwamba waliokufa ni 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake Mei 2013, iliona kwamba huenda wanakaribia 1,000. Manusura wao husema ni maelfu, hadi 5,000. Tofauti kati ya 57 na 5,000 si hesabu ndogo. Ni watu ambao jamaa zao hawajaonyeshwa kaburi.

Utaniuliza: haya yote yananihusu nini mimi ninayeishi Umoja, au Kisauni, au Nakuru mjini?

Nami nilijiuliza hivyo hivyo. Ripoti ya tume ilipotolewa nilikuwa mwaka wangu wa mwisho chuoni. Mwenzangu alisoma kurasa za Wagalla kwa siku mbili bila kuzungumza. Mimi nilizisoma baada yake, na kuna jambo lililonishika kooni, kwa maana nilikuwa na mjomba.

Mjomba huyu, kaka yake mama, alitumikia serikali kwa miaka mingi katika vikosi vya usalama. Nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo aliniita "mama" tangu nikiwa mchanga. Kila Krismasi, tulipokwenda kwetu Machakos, alituketisha watoto chini ya mwembe akatusimulia habari za Wajir. Alitueleza juu ya visima vifupi vyenye maji ya chumvi, juu ya upepo unaobeba mchanga mpaka ndani ya sufuria, na jinsi alivyojifunza kunywa maziwa ya ngamia. Alikuwa msimulizi hodari. Lakini hadithi zake ziliishia mahali pamoja. Alikuwa akisema, "Halafu nikahamishwa," kisha anainuka kuangalia ng'ombe.

Krismasi ya 2013 nilimfuata zizini. Nikamuuliza, "Mjomba, mwaka wa 1984 ulikuwa wapi?"

Aliendelea kukama. "Mama, kwa nini unauliza?"

"Nimesoma habari za Wagalla."

Alimaliza kukama, akasimama na ndoo mkononi. "Hayo waachie waliokuwa huko," akasema.

Nilitaka kumjibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa huko. Sikujibu. Unajua, msomaji, mjomba huyo ndiye aliyenilipia karo. Baba alipopoteza kazi nikiwa kidato cha tatu, mjomba alisema mtoto mwenye jina la mama yake hataacha masomo. Diploma niliyo nayo, hii inayoniwezesha kukuandikia kila wiki, ililipwa kwa malipo yake ya uzeeni. Ungekuwa wewe ungemwambia nini mtu kama huyo, zizini, siku ya Krismasi? Nilipokea ndoo nikaipeleka jikoni.

Miezi michache baadaye, Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya magaidi, msako mkubwa ulifanywa katika mtaa wa Eastleigh, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kuchunguzwa. Mwenzangu alikuwa akiishi Eastleigh wakati huo. Alinipigia simu usiku, akinong'ona. Alikuwa amefunga mlango kwa ndani, kitambulisho kiko mkononi. Kitambulisho hicho alikipata kwa taabu, maana ilibidi asimame mbele ya kamati ya wazee na maafisa kuulizwa juu ya babu zake, wakati mimi changu nilikipata kwa kujaza fomu na kungoja. (Uchunguzi huo wa ziada kwa watu wa mipakani uliamriwa ukomeshwe mnamo Februari 2025.) Lakini usiku ule hakuniambia juu ya kitambulisho. Aliniambia, "Baba amepiga simu mara sita. Kila mara anauliza swali moja: je, nina maji ndani ya nyumba?"

Hapo nilijua kwamba nitamuuliza mjomba tena. Lakini sikumuuliza mwaka huo, wala uliofuata. Kazi ilikuwa nyingi, nikaolewa, nikajifungua. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za miaka iliyopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafaa waathiriwa. Nikajiambia kwamba sasa jambo liko mikononi mwa wakubwa, mimi ni nani?

Mnamo 2022 mjomba alishikwa na maradhi ya figo. Nilikwenda kumwuguza kwa wiki moja ili shangazi apumzike. Usiku wa tatu, stima zilikuwa zimepotea, aliniita. Nilidhani anataka dawa.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa dereva."

Nilikaa kimya.

"Dereva wa lori. Sikumpiga mtu. Niliambiwa niendeshe nisiangalie nyuma. Sikuangalia. Lakini mtu husikia." Kisha akasema, "Wengine walikuwa bado wanaongea."

Nilimshika mkono. Alilia, mtu mzima ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ya kumzika mama yake. Nilimfunika, nikamwambia alale. Nilidhani hilo ndilo jambo la huruma la kufanya. Wiki mbili baadaye alifariki, akazikwa kwa heshima, na kaburi lake limejengewa vizuri kwa saruji. Kila Krismasi tunakwenda kung'oa magugu.

Siri hiyo niliibeba kwa zaidi ya mwaka. Februari 2024, Wagalla ilipotimiza miaka 40, nilikwenda Eastleigh nyumbani kwa rafiki yangu. Nilimweleza yote, macho yangu yakiwa kwenye kikombe. Nilitarajia anifukuze. Nilitarajia angalau aniulize kwa nini nilinyamaza.

Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akachukua simu akampigia baba yake. Walizungumza Kisomali. Nilisikia jina langu. Halafu akanipa simu.

Sauti ya mzee ilikuwa tulivu. Alinisalimia, akauliza watoto wangu hawajambo, akanipa pole kwa kufiwa na mjomba. Pole, msomaji! Yeye kunipa mimi! Kisha akauliza, "Mjomba wako hakusema gari ilienda upande gani?"

Sikuwa na jibu.

"Iko barabara ya kwenda upande huu, na iko ya upande ule," akasema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni. "Sisi tulitafuta. Mimi na mama yangu tulitafuta miezi. Kama angesema tu upande."

Nilimwambia, "Samahani, baba. Sikumuuliza."

"Haidhuru, binti yangu," akasema. Lakini ilidhuru, na sote wawili tulijua hivyo.

Mara nyingi tumezoea kufikiri kwamba dhuluma kama hizi ni kazi ya tume na mahakama. Ni kweli, serikali inadaiwa mengi: ukweli wote, fidia, na mashtaka pale ushahidi ulipo. Ripoti ya 2013 haikuandikwa ili ikae kabatini. Lakini kuna mambo ambayo hayamo katika faili yoyote ya serikali. Yamo vifuani mwa wazee waliostaafu, walioko Machakos, Bungoma, Kericho, Meru na kwingineko, wanaokama ng'ombe na kuimba kanisani, na ambao wajukuu wao wanawapenda. Wengine walitenda. Wengine walipokea amri. Wengine, kama mjomba wangu, waliendesha tu. Wanajua upande ambao lori lilielekea, na kila mwaka tunazika baadhi yao pamoja na wanayoyajua.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kwetu kilio kilikuja, nacho hakikufichua kitu, kwa sababu mimi niliyekuwa kando ya kitanda niliona aibu kuuliza swali la pili.

Huenda nyumbani kwenu pia yuko mzee ambaye hadithi zake huishia mahali pamoja. Huenda alitumikia Wajir, Garissa, Mandera, Isiolo au Moyale. Usimwendee kama hakimu. Mpelekee chai, kaa karibu naye, mwambie unampenda, kisha umuulize. Akinyamaza, ngoja. Akilia, mshike mkono, lakini usimwambie alale. Muulize ilikuwa wapi. Muulize barabara gani, kisima gani, mti gani. Uandike kwenye karatasi, utie tarehe.

Nao watoto wetu wakicheza uani wakamlaza mwenzao kifudifudi na kumwita shifta, tuwaite ndani tuwaeleze. Mwanangu wa kwanza ana miaka saba. Juzi alisikia neno hilo kwa rafiki yake akaniuliza maana yake. Nilizima televisheni, nikamketisha, nikaanza na habari za mzee mmoja wa Wajir ambaye hawezi kulala bila dumu la maji kando ya kitanda.